Kiwanja kilichokuwa gereji: maswali ya kuuliza kabla ya kuchimba msingi

Malindi inajengeka kwa kasi. Viwanja vilivyokuwa gereji, vituo vya mafuta, majosho ya ng'ombe na majaa ya taka sasa vinakatwa na kuuzwa, na wanunuzi wanataka kuweka nyumba, duka, chekechea au chuo cha watoto. Yafuatayo ni maswali wanayouliza watu wanaojiandaa kujenga.

Salaam aleikum daktari. Nimenunua ploti Maweni, zamani ilikuwa gereji. Hati ni safi. Kuna haja ya kuuogopa udongo wenyewe?

Waaleikum salaam. Hati hueleza mwenye ardhi ni nani. Haielezi nini kimemwagwa humo. Gereji ya miaka mingi huacha oili chafu, petroli, dizeli, asidi, na madini ya risasi kutoka kwenye betri na rangi za magari. Petroli ya Kenya yenyewe ilitiwa risasi mpaka mwisho wa mwaka 2005. Oili huweza kuliwa na vijidudu vya udongoni taratibu, lakini risasi ni madini, haiozi. Iliyoingia ardhini zamani ingalimo.

Tembea kiwanjani asubuhi, jua likiwa bado la upole, ukitazama chini. Tafuta vipande vyeusi vya plastiki ya betri, majivu ya nyaya zilizochomwa ili kutoa shaba, madoa ambayo hata nyasi hazioti, na harufu ya mafuta ukifukua kidogo. Hata usipoona kitu usijipe moyo mapema, kwa sababu risasi haina harufu.

Sumu iliyo ardhini itamfikaje mtoto wangu?

Kwa mkono wake. Mtoto wa miaka miwili hutambaa, hushika, hutia vidole mdomoni, na siku nzima huwa ameshameza vumbi bila mtu kujua. Mwili wake hufyonza risasi mara 4 hadi 5 kuliko wa mtu mzima, na ubongo wake ndio kwanza unajengeka. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama.

Kuna njia nyingine tunazozisahau. Kuku wa kienyeji wanaochakura pale nyaya zilipochomwa humeza udongo wenye dioksini, sumu inayotoka kwenye plastiki iliyochomwa, na sumu hiyo hujikusanya kwenye mafuta ya kiini cha yai. Mchicha uliorushiwa vumbi hilo ni njia nyingine. Na mama mjamzito anayekula udongo anampelekea mtoto tumboni moja kwa moja, hasa akiwa na upungufu wa chuma na kalisi, maana mwili wenye upungufu huo hufyonza risasi zaidi. Kina mama, nawaomba sana hili mlizungumze kliniki bila haya.

Uchunguzi wa kiwanja huanzia wapi?

Huanza kwa wazee. Kabla ya kulipa maabara hata shilingi moja, waulize majirani waliokaa hapo miaka 30 au 40: betri zilipasuliwa wapi? Shimo la oili lilikuwa upande gani? Palikuwa na tangi la chini ya ardhi? Kama palikuwa na josho, dawa gani ilitumika? Majosho ya zamani Afrika Mashariki yalitumia aseniki, nayo ni sumu inayokaa ardhini makumi ya miaka. Chora ramani, hata kwa kalamu ya risasi kwenye daftari.

Baada ya hapo mtaalamu achukue sampuli kwa kufuata ramani hiyo. Udongo wa juu, kama sentimita 15 za kwanza, ndio wa watoto. Wa chini zaidi ni wa kuangalia mafuta yameshuka kiasi gani. Udongo wetu una chokaa nyingi, na risasi hushikamana nao ikabaki juu juu. Petroli na dizeli ndizo zinazoteremka, zikapenya nyufa za mwamba wa matumbawe hadi majini. Usikubali udongo wa mahali pachafu uchanganywe na wa mahali safi kwenye mfuko mmoja, kwa kuwa kipimo kitashuka kwenye karatasi huku sumu iko palepale. Ukitaka kujua majibu yana uzito gani, Marekani mwaka 2024 ilishusha kiwango cha kuanzia tahadhari kwenye makazi kutoka miligramu 400 za risasi kwa kilo ya udongo hadi 200.

Fundi anasema tuparue udongo wa juu, lori likautupe, tumwage mchanga. Inatosha?

Inategemea unatupwa wapi. Ukitupwa kwenye bonde la jirani au ukauzwa wa kujazia misingi, umemhamishia mwenzio ugonjwa. Udongo wenye sumu ni taka hatari, na husafirishwa na mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kwenda mahali palipoidhinishwa. Ukiparuliwa, umwagiwe maji kwanza vumbi lisiruke, watoto wakae mbali, na mafundi wasirudi nyumbani na nguo za kazi.

Kufunika nako ni dawa halali ikifanywa sawasawa: kitambaa kigumu cha rangi kali kutandazwa juu ya udongo mchafu ili atakayechimba kesho ajue amefika penye hatari, kisha udongo safi wa kina cha kutosha au zege. Andikeni kwenye karatasi za kiwanja kwamba chini kuna kitu. Wajukuu watachimba choo hapo.

Na palipokuwa jaa?

Hapo mimi nasema pasijengwe nyumba mpaka gesi ipimwe. Taka zinazooza chini ya ardhi hutoa methani kwa miaka mingi, nayo ikifika asilimia 5 hadi 15 ya hewa ndani ya chumba, cheche ya swichi yatosha kulipua. Ardhi ya jaa pia hutitia, na kuta hupasuka. Uwanja wa mpira uliofunikwa vizuri una nafuu kuliko darasa.

Tumeshahamia tayari. Tufanye nini?

Pelekeni watoto wapimwe risasi kwa damu ya mshipa, hata kama wanaonekana wazima. Wengi hawaoneshi dalili. Wanaoonesha huwa na maumivu ya tumbo, choo kigumu, upungufu wa damu, na uzito wa kujifunza. Dawa ya kutoa risasi ipo kwa walio na kiwango kikubwa, na hutolewa hospitalini, lakini haina maana mtoto akirudi kwenye vumbi lilelile. Zamfara, Nigeria, ambako mwaka 2010 watoto wapatao 400 walikufa kwa risasi ya machimbo ya dhahabu, ilibidi vijiji visafishwe ndipo matibabu yashike.

Huku mkisubiri: funikeni ua, pigeni deki kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia, viatu vibaki mlangoni, mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya chakula.

Maji ya kisima tukiyachemsha?

Kuchemsha huua vijidudu. Risasi na aseniki hubaki, na maji yakipungua sufuriani zinazidi kukolea. Pimeni kwenye maabara inayopima madini. Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi Mombasa. Mpaka majibu yatoke, tumieni maji ya mfereji kwa kunywa na kupikia.

Gharama hizi ni za nani?

Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inamtaka aliyechafua alipe, na kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walioathiriwa na kiwanda cha kuyeyusha betri, waliishtaki hata serikali, na mwaka 2020 mahakama ikawapa shilingi bilioni 1.3. Kesi yao ilibebwa na vipimo vya damu na vya udongo. Kwa hiyo kila karatasi ya maabara, yenye tarehe na mahali sampuli ilipochukuliwa, iwekeni pamoja na hati.