Pasma: kwa nini Wafilipino hawanawi maji baridi wakitoka kupiga pasi

Pasma ni maradhi anayoyajua karibu kila Mfilipino, na ambayo hutayaona yameandikwa kwenye cheti cha hospitali. Dalili zake ni mikono kutetemeka, viganja kuloa jasho, ganzi, viungo kuuma na mishipa kujitokeza juu ya ngozi. Chanzo chake, kwa maelezo ya wenyewe, ni mwili wenye joto kukutana na baridi ghafla. Umesimama kwenye pasi mchana kutwa, kisha ukaenda moja kwa moja kunawa maji ya bomba: umejitafutia pasma. Umetembea juani hadi miguu inawaka, ukaiosha kabla haijapoa: ni hiyohiyo. Siku hizi hata wanaoshinda kwenye kompyuta huambiwa wasinawe uso mpaka macho yapumzike. Waswahili wanaoishi Dubai, Doha au Riyadh na kupanga chumba pamoja na Wafilipino huenda wameshakatazwa kunawa namna hiyo bila kupewa sababu.

Baridi yenyewe haina kosa. Mtu wa Manila huoga maji baridi asubuhi, na jioni akipenda huoga tena. Kinachoogopwa ni kuvuka kutoka hali moja kwenda nyingine bila kupumzika katikati. Ndiyo maana tafsiri ya haraka ya pasma kuwa “mafua” au “baridi yabisi” haifai.

Neno lilikuja na Wahispania, waliovitawala visiwa hivyo kuanzia 1565 hadi 1898, na huko Mexico watu bado wanasema pasmo kwa maana ya karibu na hiyo. Nyuma yake kuna tiba ya kale ya Wayunani, iliyouona mwili kama mizani ya joto, baridi, ukavu na unyevu. Tiba hiyo ilifika pia Pwani ya Afrika Mashariki, ila sisi ilitujia kupitia kwa Waarabu, na waganga wa Mombasa na Unguja wakawa wanazungumza habari za hari, baridi, yabisi na rutuba. Kwa hiyo bibi wa Lamu akimsikia bibi wa Batangas, Ufilipino, akimkanya mzazi mwenye kichanga asiguse maji baridi, hatahitaji maelezo marefu. Wafilipino wana neno jingine kwa mzazi au mgonjwa anayeinuka mapema na kuugua upya: binat. Hilo ni jirani wa pasma, lakini si pasma.

Hali ya hewa ya Ufilipino inampa mtu sababu nyingi za kuwaza mambo haya. Machi hadi Mei ni joto kali. Kuanzia Juni upepo wa kusini-magharibi, wanaouita habagat, huleta mvua hadi Septemba au Oktoba. Kisha hugeuka amihan, upepo wa kaskazini-mashariki, ulio baridi kidogo. Juu ya hayo, vimbunga vipatavyo 20 huingia kila mwaka katika eneo la bahari linalosimamiwa na idara yao ya hali ya hewa. Ndani ya siku moja tu mtu anaweza kutoka jasho kituoni, akanyeshewa saa tisa alasiri, kisha akapanda basi lenye kiyoyozi kinachogandisha shati mgongoni.

Tazama mtoto wa shule. Chini ya shati lake, mgongoni, kuna taulo dogo liitwalo bimpo, na ncha yake imechungulia kwenye kola. Akicheza na kulowa, mama au dada hulichomoa, humfuta, kisha huingiza jingine kavu. Hofu ni kwamba jasho likikaukia mgongoni litaleta kikohozi, na kikohozi kitazaa kichomi. Aliyenyeshewa naye akifika nyumbani huambiwa akaoge, au angalau ajimwagie maji utosini. Kwa mgeni hili ni la ajabu: mtu ameshalowa chapachapa, unamlowesha tena? Wenyewe wanaona mvua imempiga kichwani peke yake, na kuoga kunausawazisha mwili wote na kumwondolea maji ya mvua.

Sasa chakula, maana hapa ndipo wengi wanapoachwa nyuma. Pasma haitokani na maji tu. Ipo ya njaa pia. Mtu aliyepitisha saa ya kula hadi njaa yenyewe ikaisha, akaanza kutetemeka na kutoka kijasho chembamba, husemwa kuwa amepitwa na njaa. Tumbo tupu linahesabiwa kuwa kosa la aina ileile: mwili ulizoea jambo kwa saa yake, saa ikavunjwa. Ukilijua hilo, utaacha kushangaa kwa nini Wafilipino wanakula mara tano. Kuna almusal asubuhi, tanghalian mchana na hapunan usiku, zote wali na kitoweo. Katikati kuna merienda mbili. Merienda si karamu. Ni mkate laini wa pandesal, sahani ndogo ya tambi, au ndizi zilizokaangwa kwa sukari nyekundu hadi zikavaa ganda linalong’aa, zikachomekwa kwenye kijiti. Swali la “umekula?” ni salamu kwao, na ofisini anayefungua chakula chake hukaribisha wote kabla ya kumega.

Mvua ikikaza, jiko hubadilika. Uji mzito wa mchele uitwao arroz caldo hupikwa kwa kuku na tangawizi nyingi, kisha juu hutiwa yai la kuchemsha, majani ya kitunguu, vitunguu saumu vilivyokaangwa hadi vikawa kahawia, na maji ya kukamua ya kalamansi, ndimu ndogo kama gololi. Ule usio na kuku huitwa lugaw, na ndio wa kwanza kupelekwa kwa mgonjwa. Tinola ni mchuzi mwepesi wa kuku, tangawizi na papai bichi, unaotiwa mwishoni majani ya mlonge au ya pilipili. Sinigang ni mchuzi unaochachushwa kwa ukwaju. Halafu kuna champorado, uji wa mchele wa kunata uliopikwa kwa kakao, unaoliwa na dagaa au samaki wadogo wakavu wa chumvi. Utamu na chumvi ya samaki kinywani kwa pamoja. Anayecheka ajaribu kwanza.

Je, ni kweli? Kwa sehemu, na mara nyingi kwa sababu tofauti na inayotajwa. Kutetemeka baada ya kukaa na njaa kunaweza kuwa ni sukari ya damu kushuka, na merienda ni dawa nzuri. Mafua huletwa na virusi, si mvua, ingawa ni kweli msimu wa mvua huko ndio wa mafua makali pia, watu wakiwa wamebanana ndani na madirisha yamefungwa. Kunawa baada ya kupiga pasi hakujaonekana kumdhuru mtu. Lakini mikono inayotetemeka na kutoka jasho kila siku inaweza kuwa dalili ya ugonjwa wa tezi shingoni, na ganzi inaweza kuwa kisukari au mshipa wa fahamu uliobanwa kwenye kifundo cha mkono. Kwa hayo, mafuta ya nazi, maji ya uvuguvugu yenye chumvi na mikono ya mkandaji, manghihilot, vinatuliza tu huku ugonjwa ukiendelea.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye mafuriko. Tarehe 26 Septemba 2009 kimbunga Ketsana, Wafilipino wakikiita Ondoy, kiliishushia Manila milimita 455 za mvua kwa saa 24, na wiki zilizofuata ukazuka mlipuko wa leptospirosi, ugonjwa unaotoka kwenye mkojo wa panya. Tanzania iliufahamu kwa jina la homa ya mgunda ulipozuka Lindi mwaka 2022. Aliyetembea kwenye maji ya mafuriko akapata homa na maumivu ya misuli asiambiwe ni pasma, na kuoga hakutamsaidia. Aende hospitali siku hiyohiyo.

Serikali ya Ufilipino yenyewe haijaitupa tiba ya asili. Sheria namba 8423 ya mwaka 1997 iliipa taasisi yake, na mti wa lagundi, ulio kati ya mimea 10 iliyoidhinishwa na wizara ya afya, unauzwa madukani kama dawa ya kikohozi. Pasma haikupata nafasi huko, ila imebaki na kazi nyingine ambayo mimi naiona ndiyo kubwa. Mfuaji wa nguo, labandera, kwa desturi hafui na kupiga pasi siku moja. Akimwambia mwenye nyumba “nimechoka”, anaweza kuongezewa rundo jingine. Akisema “nitapata pasma”, mwenye nyumba, ambaye mama yake alimkanya vivyo hivyo, humwacha akae chini mpaka mikono ipoe.