Kifaa "kuwa tofali": maana yake, na kwa nini mara nyingi bado hakijafika huko

Mafundi simu wanalijua neno hili siku nyingi. Mtu ameflashi simu, yaani ameiandikia upya programu yake ya ndani, imezimika katikati, na tangu hapo haiwaki: imekuwa tofali. Maana yake ni kifaa ambacho kwa nje ni kizima, hakina ufa wala harufu ya kuungua, lakini hakijibu chochote na njia za kawaida za kukiamsha zimegonga mwamba.

Hapa nalieleza kwa upande wa NAS, yaani kile kisanduku cha kuhifadhia kinachochomekwa kwenye ruta ili simu, kompyuta na televisheni za nyumba nzima zifungue mafaili yale yale. Huko neno tofali linatamkwa haraka mno, na watu wanatupa vifaa, na hata diski zenye picha za miaka kumi, kwa sababu ya hitilafu ya robo saa.

Cha kuelewa kwanza ni kwamba kisanduku hicho ni kompyuta. Ina prosesa, ina RAM, na ina chipu ya flashi iliyobeba programu dhibiti, ile programu inayokiambia kisanduku kiwe kisanduku. Mfano ninaopenda kuutumia ni NSLU2 ya Linksys, iliyotoka mwaka 2004. Haikuwa hata na diski ndani: tundu moja la waya wa mtandao, matundu mawili ya USB, na wewe ndiye unayechomeka diski yako. RAM yake ilikuwa megabaiti 32 na flashi megabaiti 8. Ndani ilikuwa inaendesha mfumo endeshi wa Linux, na kwa kuwa leseni ya GPL inamtaka anayeisambaza Linux atoe pia msimbo wake, msimbo ulitolewa, na watu wakaingia kazini. Ikaja Unslung, programu dhibiti iliyoacha ukurasa wa mipangilio kama ulivyokuwa lakini ikakuruhusu kuongeza programu zako kwenye diski. Baadaye ikawezekana kuweka Debian kamili, toleo la Linux la kompyuta za kawaida. Hata kasi iliguswa: NSLU2 za mwanzo zilitoka kiwandani prosesa ikienda megahezi 133, wakati chipu yenyewe iliundwa kwa 266, na kilichokuwa kinaizuia ni rezista moja ndogo kwenye ubao. Waliokuwa na mkono mtulivu waliitoa.

Hapo ndipo tofali linapozaliwa. Kwenye vifaa vingi, kila unapobadilisha programu dhibiti, kwa dakika chache kifaa hakina programu kamili: ya zamani imefutwa, mpya haijamalizika kuandikwa. Umeme ukikatika dakika hizo, kinachobaki kwenye flashi ni nusu ya kitu. Kwa sisi ambao umeme unaondoka bila hodi, kuflashi bila UPS, ile betri ya akiba, ni kujitafutia balaa.

Lakini nusu ya kitu si lazima iwe tofali. Flashi imegawanywa vyumba. Kwenye NSLU2, kilobaiti 256 za mwanzo ni za programu ya kuwashia, inayoitwa RedBoot. Kisha kuna kichumba cha mipangilio, halafu kiini cha Linux, yaani moyo wa mfumo wenyewe, halafu mafaili ya mfumo. Umeme ukiingia, RedBoot ndiyo inayoamka ya kwanza, inaangalia kama kiini kipo, inakipakia. Ukiharibu kiini au mafaili ya mfumo, RedBoot bado ipo na inakusubiri. Hilo ndilo tofali laini, na linafufuka. Ukiharibu RedBoot yenyewe, hakuna wa kuamka. Hilo ni tofali gumu.

Namna ya kulifufua tofali laini la NSLU2 naieleza taratibu kwa sababu vifaa vingi vina njia inayofanana nayo. Kizime. Chomoa diski. Chukua sindano au kipini cha karatasi, bonyeza kitufe cha kuriseti kilicho nyuma, na huku umekishikilia, bonyeza cha kuwasha. Usiachie. Tazama taa ya juu: inakaa rangi ya kahawia hivi, na baada ya sekunde kama kumi inageuka nyekundu. Ikigeuka tu, achia hapo hapo. Ukichelewa, kifaa kitaendelea kujiwasha kama kawaida na itabidi uanze upya. Ukipatia, taa ile ile inaanza kupishana nyekundu na kijani, nyekundu na kijani. Kifaa hakina anwani ya IP wakati huo, yaani namba ya kukitambulisha kwenye mtandao, hakina ukurasa wa kufungua, lakini RedBoot inasikiliza kwenye waya, na programu iitwayo UpSlug2 kwenye kompyuta yako itakiona na kukiandikia programu dhibiti upya. Ukiona kupishana kule kwa taa, futa neno tofali.

Kuna kundi jingine, kubwa kuliko yote, la vifaa ambavyo havijawa tofali kabisa bali vimesingiziwa. Sababu ya kwanza ya kusingiziwa ni anwani ya IP. NSLU2 ilitoka kiwandani na anwani 192.168.1.77. Kama ruta yako inagawa anwani za 192.168.0, kompyuta na kisanduku viko kwenye waya mmoja lakini havionani, kama watu wawili walio mtaa mmoja wenye namba za nyumba za mitaa tofauti. Ukirudisha mipangilio ya kiwandani kisha kifaa "kikapotea", anza hapo: ipe kompyuta yako kwa mkono anwani ya 192.168.1.5, chomeka waya moja kwa moja, jaribu tena.

Sababu ya pili ni adapta ya umeme. Jirani yangu aliniletea kisanduku cha diski mbili, akiwa ameshaambiwa na mtu kwamba bodi imekufa. Nilikichomeka. Taa iliwaka, diski ikaanza kuzunguka, ule mlio wa kupanda, halafu tik, ikashuka. Kimya. Ikapanda tena, tik, ikashuka. Nikachukua mita, nikapima adapta ikiwa peke yake: volti 12 kamili. Nikapima tena kisanduku kikiwa kimechomekwa, na wakati diski inapanda, volti zikaanguka hadi chini ya 9. Adapta ilikuwa inatoa volti lakini imeishiwa nguvu. Kapasita zimechoka, jambo la kawaida kwa adapta iliyokaa kwenye joto miaka. Nikaweka nyingine ya volti 12 yenye ampea zile zile na ncha ile ile, kisanduku kikawaka na picha zote za harusi yake zipo. Kwa hiyo usipime adapta ikiwa haina mzigo ukaridhika. Ipime ikiwa kazini.

Na hata kama kisanduku kweli kimekufa, data haijafa nacho. Hili ndilo ningependa kila mwenye NAS alijue kabla hajakata tamaa. Mafaili yako yako kwenye diski. NSLU2 ilikuwa inafomati diski kwa mfumo wa ext3, mfumo wa Linux, na vifaa vingi vya nyumbani vinatumia ext4 au jamaa zake. Ukiichomoa diski hiyo na kuichomeka kwenye kompyuta ya Windows, Windows haiutambui mfumo huo, na itakutokea na ujumbe kwamba unapaswa kuifomati diski kabla ya kuitumia. Hapo wengi wamebonyeza ndiyo. Bonyeza Ghairi. Tafuta flashi ya USB yenye Linux inayowaka bila kusakinishwa, iwashe kompyuta kwayo, ifungue diski kwa kusoma tu bila kuandika, na kopi mafaili yako kwenda mahali pengine. Hata diski zilizokuwa mbili kwa mtindo wa kioo, kila moja ikibeba nakala ya mwenzake, mara nyingi zimeunganishwa na Linux yenyewe na zinafunguka vivyo hivyo. Vipo visanduku vinavyofunga data kwa ufunguo uliomo kwenye bodi. Kwa visanduku hivyo diski peke yake haitoshi, na hiyo ni sababu nzuri ya kuuliza kabla ya kununua.

Ikiwa taa hazipishani, adapta ni nzima na anwani umezijaribu, bado kuna mlango mmoja: pini za siriali. Kwenye ubao wa NSLU2 kuna sehemu ya pini nne ambayo kifaa hutumia kuzungumza tangu sekunde ya kwanza kinapopata umeme, kwa kasi ya biti 115200 kwa sekunde. Unaunganisha waya wa USB wa siriali, unafungua kifuniko, na unasoma kinachosemwa. Hapo utajua kama RedBoot inaamka na kukwama kwenye kiini, au kama hakuna neno hata moja. Pini hizo ni za volti 3.3. Waya wa siriali wa kompyuta za zamani unatoa volti nyingi zaidi na utaiunguza chipu papo hapo, kisha utakuwa na tofali ulilolifyatua mwenyewe.

Ukimya kamili kwenye siriali, umeme ukiwa mzuri, ndio unaokaribia tofali gumu. Inabaki JTAG, pini za kuizungumzisha prosesa moja kwa moja bila kupitia programu yoyote, au kuing'oa chipu ya flashi na kuiandika nje. Njia zote mbili zinahitaji nakala ya RedBoot, na si ya mtu mwingine tu: kwenye kile kile chumba cha RedBoot ndipo imeandikwa anwani ya MAC ya kifaa chako, ile namba ya pekee inayopewa kifaa kiwandani. Ukiweka ya mwenzako bila kuirekebisha na visanduku vyote viwili vikawa nyumba moja, vitagombania anwani na mtandao utakuwa unapotea na kurudi. Ndiyo maana, kabla sijagusa programu dhibiti ya kifaa chochote, nakopi flashi yote kwanza kingali kinafanya kazi. Kwa NSLU2 ni faili la megabaiti 8. Naliweka kwenye kompyuta, na kwenye simu, na jina lake ni namba ya MAC iliyochapwa kwenye stika ya chini.