Makumbusho ya Sanaa ya Kikristo ya Goa: yanayodhaniwa na ukweli wake

Makumbusho haya yamo ndani ya Konventi ya Santa Monica huko Goa ya Kale, uliokuwa mji mkuu wa Wareno nchini India, nyumba ya watawa wa kike iliyojengwa kati ya 1606 na 1627. Wageni wengi huishia Basilika ya Bom Jesus, kwenye kaburi la Mtakatifu Fransisko Ksaveri, wasipande huku kilimani. Sababu wanazotoa nyingi si za kweli.

“Ni vitu vya Wareno, vililetwa na meli.” Sanaa nyingi ya makanisa ya Goa ilitengenezwa India penyewe, mara nyingi na mafundi Wahindu, ingawa viongozi wa Kanisa walijaribu kuwapiga marufuku. Zitazame sanamu za pembe za ndovu za Yesu Mchungaji Mwema, zilizochongwa Goa karne ya 17. Yesu, akiwa mtoto, ameketi juu ya kilima, macho kayafumba, shavu kaliegemeza mkononi, kama Buddha katika tafakuri. Chini yake wamo kondoo, na pangoni amejilaza Maria Magdalena. Mchongo wa namna hiyo haukubuniwa Lisbon.

“Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki hayatuhusu.” Hili ndilo linaloniuma zaidi. Pembe nyingi zilizofika kwenye karakana za Goa zilitoka kwetu, hasa kupitia Msumbiji. Tena, jirani kabisa na konventi yapo magofu ya Waagustino, watawa wa kiume wa shirika la Mtakatifu Agustino. Hao ndio waliomlea Yusuf bin Hassan, mwana wa sultani wa Mombasa, baada ya baba yake kuuawa 1614. Walimbatiza kwa jina la Jerónimo Chingulia, akarudishwa Mombasa kutawala. 1631 akaurudia Uislamu na kuiteka Ngome ya Yesu. Santa Monica ilikuwa ikijengwa wakati yeye anakua Goa.

“Yamekuwepo hapo tangu enzi za Wareno.” Yalifunguliwa 1994 katika Seminari ya Rachol, yakahamia Santa Monica 2002.

“Mwanga hafifu ni uzembe.” Hariri na nyuzi za mavazi ya ibada huchujuka kwa mwanga, na uharibifu huo haurekebishiki. Wahifadhi wa makumbusho duniani hujitahidi mwanga usizidi laksi 50 hivi (laksi ni kipimo cha mwanga). Kwa hiyo zima flashi, na yape macho dakika chache yazoee.

“Ni ya Wakatoliki tu.” Mtu wa dini yoyote anaingia. Vaa tu nguo za heshima, mabega na magoti yafunikwe.