Ada ya Mwezi na Mvuvi wa Giza

Mwaka jana kampuni changa moja ilinialika niwe daktari wake wa simu hapa Tanga: mteja alipe ada kila mwezi, kisha aongee na daktari saa yoyote bila kupanga foleni. Nilikataa, ingawa si kwa kuidharau simu, maana wengi wanaoamkia kwenye mabenchi yetu wangetosheka na maelezo ya dakika kumi.

Kilichonizuia ni hesabu. Bima hukusanya fedha za wengi ili zimtibu mchache aliyeugua, ilhali ada ya mwezi humuuzia kila mtu nafasi yake ya kumfikia daktari. Ugonjwa ukidai upasuaji au kitanda, mteja hurudi kwenye foleni ileile aliyodhani ameihama. Huko Marekani, kampuni ya aina hiyo iitwayo Forward ilitoza dola 149 kwa mwezi, haikupokea bima, ikachangiwa na wawekezaji zaidi ya dola milioni 600, na Novemba 2024 ikafunga vituo vyake vyote.

Kwetu nako bima ina kasoro. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa ulitoza kaya ya watu sita shilingi 30,000 kwa mwaka, bei ambayo sijui mfanyabiashara gani angeiweza, lakini kwa kuwa kujiunga kulikuwa kwa hiari, wengi walisubiri hadi mtu augue ndipo wakatafute kadi. Mfuko uliojaa wagonjwa hukauka haraka, na mwanachama akifika dirisha la dawa huambiwa akanunue nje. Mwakani hajiungi tena, naye ndiye mzima ambaye mfuko ulimhitaji. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 ilitungwa kwa ajili ya tatizo hili.

Hata hivyo, sheria haimpi mtu kipato cha kila mwezi. Nilipomweleza mvuvi mmoja wa dagaa pale kwenye soko la samaki la Deep Sea habari za ile ada, alicheka: “Daktari, mwezi ukiwaka sisi hatuvui. Hiyo ada ya mwezi nitailipa kwa fedha gani?” Dagaa hufuata taa ya karabai usiku wa giza, mbalamwezi ikitanda, taa haina kazi na mfuko wa mvuvi ni mtupu. Alikuwa tayari kukatwa kidogo kwa kila ndoo inayouzwa mnadani. Niliwapelekea wale vijana wa kampuni wazo lake, wakanijibu kwa adabu kwamba programu yao hukata fedha tarehe 1 tu.