Faji na antibiotiki: mvutano ndani ya bakteria

Antibiotiki haitibu mafua kwa sababu mafua huletwa na virusi. Hilo ni kweli. Lakini vipo virusi ambavyo hali yao hubadilika mara bakteria anapofikiwa na dawa. Huitwa bakteriofaji, au faji kwa ufupi: virusi vinavyoshambulia bakteria. Jina hilo alilitumia Félix d'Hérelle mwaka 1917, akiwa Paris.

Faji haiwezi kuzaliana peke yake. Huingiza vinasaba vyake ndani ya bakteria, kisha hutumia ribosomu (viwanda vidogo vya protini) na nishati za mwenyeji, yaani bakteria huyo, kutengeneza nakala zake. Dawa basi huifikia kwa kupitia mwenyeji. Antibiotiki kama tetrasaiklini na kloramfenikoli huzuia ribosomu zisitengeneze protini, na pasipo protini hakuna faji mpya. Sefotaksimu, antibiotiki nyingine, inaweza kuleta matokeo ya kinyume. Watafiti wa Toulouse, Ufaransa, walionyesha mwaka 2007 kwamba kiasi kidogo chake, kisichotosha kuua, humfanya E. koli, bakteria wa utumboni, ashindwe kugawanyika na kurefuka kama uzi, na faji ndani yake huzaliana kwa wingi zaidi.

Kwangu mimi, lililo zito zaidi ni la faji zilizolala. Hizi hujichomeka ndani ya DNA ya bakteria na kutulia, zikidhibitiwa na protini moja. Antibiotiki ya siprofloksasini inapoharibu DNA hiyo, bakteria huanza kujiokoa: protini yake iitwayo RecA husababisha kile kidhibiti kikatike. Faji huamka, huzaliana, na kumpasua mwenyeji.

Katika E. koli O157:H7, aina inayoweza kuleta kuhara damu, jeni ya sumu ya Shiga imo ndani ya faji iliyolala. Ikiamka, sumu huongezeka na kumwagika utumboni, na ndiyo sumu inayoweza kuharibu figo, hasa za watoto. Kwa hiyo madaktari huepuka antibiotiki wanapomshuku bakteria huyo, wakategemea maji, chumvi za mwili na kuzifuatilia figo kwa karibu.

Kuhara damu kunakoletwa na bakteria aitwaye shigela ni habari nyingine: huko siprofloksasini ni dawa inayokubalika. Chooni damu ni ileile. Ni kipimo cha kinyesi maabara kinachoweza kumtambua bakteria aliyeileta, wala si rangi ya kinyesi wala vidonge vilivyobaki kabatini tangu mgonjwa wa mwaka jana.