Simba, mchanga na ming'oko: yasemwayo kuhusu kupita Kusini peke yako kwa pikipiki

Nilipoaga Masasi kwenda Liwale, kusini mwa Tanzania, kwa pikipiki, peke yangu, kila aliyesikia alikuwa na onyo. Machache yalinifaa. Mengi hayakuwa kweli, na kwa kuwa bado nayasikia, nayajibu hapa.

"Simba watakumaliza njiani"

Hofu hii ina asili yake. Kati ya 1990 na 2004 simba waliua watu zaidi ya 560 Tanzania, na wilaya za Kusini, Lindi ikiwamo, ziliumia sana. Lakini uliza waliuawa wakiwa wapi. Wengi walikuwa wakulima waliolala mashambani kwenye madungu, wakilinda mazao yasiliwe na nguruwe pori, hasa wakati wa mavuno, Machi hadi Mei. Nguruwe anafuata mazao, simba anamfuata nguruwe, na mkulima yuko hapohapo ndani ya kibanda cha nyasi. Watafiti waligundua pia kuwa hatari hupanda siku kumi zinazofuata mwezi mpevu, jioni, giza linapoingia kabla mwezi haujachomoza.

Kwa hiyo anayepita mchana hayuko kwenye hatari ya yule anayelinda shamba usiku. Huniuma kusikia msiba wa wakulima hawa ukigeuzwa hadithi ya kutishia wasafiri.

Mnyama wa kumwogopa barabarani ni tembo. Baada ya Nachingwea nilikuta kinyesi kibichi katikati ya njia na matawi yaliyovunjwa. Kijana wa bodaboda aliyetoka mbele alinisimamisha: "Kaka, zima, subiri. Usipige honi. Ukimwona mtoto, usikatize kati yake na mama." Tulikaa kama nusu saa ndipo wakavuka, sita, bila haraka yoyote. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile nikiwa nimeshika breki.

"Kwa pikipiki utaingia hifadhini uwaone kwa karibu"

Hapana. Hifadhi za taifa, ikiwamo ya Nyerere iliyomegwa kutoka Selous mwaka 2019, hazipokei watalii wa pikipiki. Wanyama utakaowaona ni wa njiani: nyani, tumbili, swala, na tembo ukijaliwa.

"Kusini hakupitiki"

Hiyo ni habari ya enzi za pantoni ya Ndundu ya kuvukia mto Rufiji. Daraja la Mkapa lilifunguliwa Rufiji mwaka 2003, na leo lami inakufikisha Lindi, Mtwara na Masasi. Masika ndiyo ya kuheshimu: Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, maji yaliikata barabara kuu eneo la Somanga. Njia za ndani nenda kiangazi, kuanzia Juni.

"Lazima uwe na pikipiki kubwa"

Ile ya bodaboda, ya cc 125 au 150, inatosha, na ina faida: tairi ikipasuka au mnyororo ukikatika, senta yoyote utapata fundi na spea. Petroli inauzwa kwenye chupa kando ya njia. Adui wako ni mchanga. Punguza upepo wa tairi kidogo, tazama mbali, usikamate breki ya mbele. Mimi niliikamata, goti lilichubuka.

"Kule hawapendi wageni, ukilala kijijini utarogwa"

Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote. Ukarimu upo, ila una utaratibu wake. Fika kabla jua halijazama, zima pikipiki mbali kidogo na nyumba, piga hodi, uliza kwa mwenyekiti wa kijiji au balozi wa nyumba kumi. Mgeni anayeingia usiku bila kujitambulisha anatia watu wasiwasi, na wana haki.

Mwenyekiti alinipeleka kwa mama yake mzazi. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu. Goti limefanyaje?" Akachemsha maji, akanisafisha kidonda kabla hajaniuliza jina. Tulikula ugali wa muhogo na kisamvu. Asubuhi nilitoa pesa. Akazirudisha mkononi mwangu akazifunika kwa vidole vyangu. Sukari na sabuni nilizonunua dukani alizipokea, kwa kuwa hizo ni zawadi.

Nikiwa nimeshawasha, akaja na ming'oko, vile viazi pori vya Kusini, ya kuchemsha, bado ya moto, imefungwa kwenye kipande cha kanga kuukuu. Akaifunga mwenyewe kwenye keria, akavuta fundo mara mbili. "Kanga utairudisha," akasema.