Mkono Mmoja Hauna Sababu ya Kuusubiri Mwingine

Karibu kila mwogeleaji anayekuja kwangu kurekebishiwa mtindo huru huniambia kwamba mkono mmoja lazima utulie mbele mpaka ule mwingine uufikie, eti kadiri mtu anavyoteleza ndivyo anavyookoa nguvu. Dhana hiyo imenichosha, maana inawapotezea vijana sekunde walizozitolea jasho.

Mkono ulionyooshwa mbele bila kushika maji, yaani bila kuyakamata na kuyasukuma nyuma, hautoi msukumo, ilhali ukinzani wa maji haupumziki. Mtazame mwogeleaji wa namna hiyo ukiwa ukingoni mwa bwawa: kiganja kimelala mbele, kiuno kinaanza kuzama, na mpigo unaofuata unaishia kurudisha kasi iliyokwisha kupotea. Kwa kuwa ukinzani hukua takriban kwa kipeo cha pili cha kasi, mwendo wa kupanda na kushuka hugharimu nguvu nyingi kuliko mwendo tulivu wenye wastani uleule.

Mwaka 2000, Didier Chollet na wenzake nchini Ufaransa walieleza kipimo cha uratibu wa mikono: huwa hasi pakiwa na pengo kati ya misukumo miwili, sifuri mikono inapopokezana bila pengo, na chanya misukumo inapoingiliana. Waogeleaji hodari huhama kutoka pengo kuelekea mwingiliano kadiri kasi inavyopanda. Kwa hiyo pengo linaloweza kuvumilika katika mita 1500 huwa mzigo katika mita 50. Hata hivyo, namba chanya peke yake haithibitishi ufanisi, kwa sababu hata kiganja kinachoponyoka majini kinaweza kuipandisha.

Ndiyo maana nasisitiza, na sitaacha kusisitiza, kwamba mwogeleaji ahesabu mapigo ya mikono yake katika kila mita 25 huku akiongeza mdundo, yaani kasi ya kupokezanisha mikono, kidogo kidogo: mapigo yakiongezeka na muda usipungue, mkono haushiki maji, naye arudi kwenye mdundo uliotangulia.

Kuhusu vidole, havihitaji kubanwa. Nafasi ndogo kati yake haipunguzi msukumo. Wanaodai kwamba miguu ndiyo injini ya mtindo huru wamekosea pia, kwani sehemu kubwa ya msukumo hutoka mikononi. Na asiwepo wa kuchora herufi S kwa mkono chini ya maji kwa makusudi: mkunjo mdogo unaoonekana hutokana na mwili kujiviringisha, nayo kazi ya mwogeleaji ni kuinua kiwiko mapema na kusukuma maji nyuma.